Majani yenye kushona mihogo yetu

Bunia, Rwambuzi, tarehe 2 mwezi ya tatu 1985

Mpendwa yaya Hortense,

Sasa hivi mutoto wangu Joséphine amefanya kitu, na mbele ya kukusalimia, uniache kwanza nikiseme. Alikuwa anakaa chini mu chumba, pembeni ya mukeka yake, miye niko natafuta biki ya kukuandikia. Nikamusikia anacheka peke yake. Kuangalia, iko anavuta kitu mu udongo ya chini ya nyumba. Kamba nyeupe. Anaivuta polepole na mikono yote mbili, na haikatiki. Ilitoka ndefu kushinda yeye mwenyewe. Akaibeba, akaiweka juu ya hii karatasi, akasema: "Ya koko." Anataka kusema mama yetu, bibi yake. Ile alama ya udongo unaona huku juu, njo yake. Sikutaka kubadilisha karatasi.

Nakusalimia sasa, yaya, na heshima yote. Hujambo? Shemeji Adrien hajambo, ile kikohozi ilimuacha? Watoto wanaendelea na masomo? Siye huku tuko, Mungu asifiwe. Bwana yangu Katsuva iko muzima, leo ameenda soko ya Marabo na chumvi na sabuni yake, atarudi mangaribi. Joséphine ameota meno yote ya mbele, na sasa anakimbia mpaka nachoka kumufuata. Ukimuona utalia, juu ni sura ya mama kabisa, mpaka kile kidole kidogo cha kushoto chenye kupinda. Hakumuona mama hata mara moja. Siku tulimuzika mama, yeye alikuwa mu tumbo yangu. Jina ya mama tulimupa siye, lakini kidole alikuja nacho.

Hii barua itakuja na Hippolyte, dereva wa lori ya kahawa, mwenye alioa kwa jirani yetu. Anaondoka kesho asubui. Nakuomba umupe jibu yeye mwenyewe, mukononi, usingoje posta. Utajua sababu.

Ni juu ya shamba ya mama.

Yaya, wakati uliondoka kisha matanga, uliacha shamba ikiwa safi. Mihogo upande ya jikoni, muhindi upande ya muto, maharagi katikati, na kule juu kaburi ya mama na kale kapaa ka majani tulimujengea. Unakumbuka? Kwetu mutu akizikwa anajengewa kapaa, mvua isimupige mbele matanga haijaisha. Na vile hapa Bunia majani marefu ya kuezeka ilikuwa imekosekana, baba mudogo Kule na wanaume walienda kuyatafuta Marabo. Walileta mafungu mazuri sana, yenye vichwa nyeupe kama pamba. Siye wanawake tuliyashika, tukasema, angalia, mama analala chini ya shuka.

Mwaka ya kwanza hatukuona kitu. Kapaa kakaoza, kakaanguka, na hatukujenga ingine, vile inapashwa. Mwaka ya pili, pale pale fasi ya kapaa, pakaota majani. Membamba, wima, kama mutu amesimamisha visu vidogo na ncha juu. Nikasema, shamba gani haina majani? Na hakuna mutu aliyagusa. Unajua sheria ya kwetu kushinda miye: jembe haipandi juu ya kaburi ya muzazi, na mutoto wa tumbo yake hang'oi kitu pale bila ruhusa ya mutoto wa kwanza. Mutoto wa kwanza ni weye.

Kisha majani ikatoka ku kaburi, ikaanza kushuka.

Sijui kama utaniamini. Hayakutawanyika huku na huku vile majani ingine inafanya. Yalifuata njia. Ile njia ya mama yenyewe, toka kule juu, kupita katikati ya mihogo, kupita jikoni, kuja mpaka mulango ya nyuma. Mustari moja. Asubui nikifungua mulango, kitu ya kwanza ni kuangalia yamefika wapi. Siku moja yalikuwa ku jiwe ya kusagia. Siku ingine yalikuwa karibu na kizingiti. Kisha sikuona tena mapya huko nje, nikafurahi, nikamuambia Katsuva kama yamechoka.

Asubui moja naenda kumuamsha mutoto. Ncha moja imetoboa udongo, imetoboa mukeka, imesimama pembeni ya shikio yake. Yeye analala tu, hana habari, pumzi yake inaitikisa kidogo. Yaya, pale Joséphine analala, njo pale kitanda ya mama ilikuwa.

Niliikata na kisu ya jikoni. Kabla ya juma kuisha zilikuwa mbili.

Sasa nikuambie juu ya mihogo, juu hii njo ilimushinda baba mudogo. Unakumbuka vile mama alikuwa anashonea wachuuzi magunia. Ile sindano yake kubwa, uzi ikipita mu gunia, swaa, swaa, kutoka asubui. Ukimuita hainui kichwa, anasema tu: "Kuya tu," ni kusema karibu, ingia. Hata baba mudogo akija kusalimia, "Kuya tu," na sindano inaendelea. Basi wakati ya kung'oa mihogo ilifika. Nikatoa shina ya kwanza, nikavunja muhogo moja niangalie kama imekomaa. Ndani mulikuwa sindano nyeupe. Imeingia upande huu, imetokea upande ule. Nikavunja ingine, vile vile. Ile tatu yenye ilikuwa inakaa pamoja ilishonwa na uzi moja, ukiinua moja yote inainuka. Na fasi sindano ilipita, nyama ya muhogo imekuwa nyeusi na inanuka.

Baba mudogo Kule alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikageuka, nikaona amevua kofia.

"Hii mukono naijua," akasema.

Tangu siku ile amekata shauri. Anasema mama hataki tulime. Anasema anaishona shamba, na akimaliza shamba atashona nyumba, na kisha nyumba sijui nini. Amesema kama mvua ikifika na majani ingali iko, atatoa shamba kwa ule bwana mwenye ng'ombe upande ya muto, na siye tutoke mu nyumba, tutafute ingine. Yaya, tutafute wapi? Soko ya Katsuva inatupa chumvi na kitambaa. Chakula ya mutoto inatoka mu hii shamba, na mihogo ya mwaka huu nimetupa karibu yote.

Usimukasirikie. Hatuonei. Naona macho yake, anaogopa kweli, na juu ya mutoto kushinda juu yetu. Akimuona Joséphine anamubeba, anamunusa kichwa, kisha anamuweka chini mbio kama mutu amejiunguza.

Na alijaribu, nisimunyime haki. Alijaribu na moto, vile siye wote tunafanya. Wakati ya kiangazi, alichoma shamba yote, akaacha tu kaburi. Ikawaka vizuri, ikabaki nyeusi ti. Tulikula ile jioni na furaha. Kisha, yaya, mvua haijanyesha hata tone, majivu haijapeperuka, shamba yote ikatoa maua. Kwanza maua, mbele ya jani! Vichwa nyeupe, vimesimama juu ya udongo nyeusi, toka ku kaburi mpaka ku mulango yetu.

Mangaribi tulitoka kuangalia. Upepo haikuwa. Jani ya ndizi ya jirani ilikuwa imetulia kabisa. Lakini vile vichwa vilikuwa vinainama na kuinuka, vinainama na kuinuka, taratibu. Joséphine alikuwa mu mukono yangu. Akainua kamukono kake akapungia, vile anafanyaka akiona mutu anamujua. Akasema: "Koko." Mara ya kwanza kusema ile neno, na hakuna mutu mu nyumba alimufundisha. Baba mudogo akarudi kwake bila kuaga. Kesho yake pamba ikaanza kuruka. Iliingia mu maji, mu unga, mu nywele ya mutoto.

Kisha ikawa zamu ya Katsuva. Unamujua shemeji yako na mudomo yake. Akanoa jembe, akasema: "Nitayakata vipande vipande mpaka yakumbuke jina yangu." Akakata kweli. Akakatakata ile mizizi yote, akaiacha palepale mu shamba ioze. Kamvua kadogo kakapita, kamoja tu, na kila kipande ikasimama ikawa majani. Fasi ilikuwa na shina moja, ikawa na kundi. Yalikumbuka jina yake, hiyo ndiyo.

Ile siku Katsuva alikuwa anakata njo Suzanne aliingia. Sijui kama unamukumbuka: jirani yetu, mama wa Mahagi, wa kule ziwani, bwana yake Louis anauzisha samaki ya kukauka. Alikuja kuomba moto. Akaona Katsuva anapiga jembe na jasho inatiririka, akacheka mpaka akashika fito ya uzio ya lupango.

"Ee muke ya Katsuva! Umuache bwana yako aendelee, mwaka kesho atauzisha majani kwa kilo!"

Katsuva akajibu bila kusimama: "Weye mama ya samaki, unajua nini juu ya shamba?"

"Miye najua kama nyinyi watu wa Butembo mutauzisha chumvi hata kwa mwenye kuifanya. Lakini hapa haulimi, baba. Hapa unapanda. Na unapanda vizuri!"

Kisha akainama, akang'oa shina moja, akaniita niangalie. Nakuandikia vile alinionyesha, ili siku moja ikitokea kwako Kisangani uijue mapema. Unashika jani, unatafuta mustari nyeupe. Ku majani ingine mustari inapita katikati. Hii inapita pembeni, upande moja ya jani ni mupana kushinda ingine. Unapitisha kidole taratibu ku ukingo: inakata kama wembe. Kisha unachimba. Muzizi ni nyeupe, iko na vifundo kama mwanzi, na kichwa yake ni kali na ngumu kama sindano. Kwa ile kichwa njo inapita mu muhogo, mu kiazi, hata mu udongo ya nyumba iliyopigwa ikawa ngumu. Suzanne akavunja kipande, akanipa nitafune. Yaya, ni tamu. Anasema kwao watoto wanaitafuna kama muwa. Nikatafuna, kisha nikawaza imetokea wapi, nikatema. Aliniona. Hakucheka tena.

"Ilianzia fasi gani?" akaniuliza.

Nikaonyesha kaburi na mudomo.

"Mulimujengea kapaa?"

"Ndiyo."

"Na majani ya wapi?"

"Ya Marabo."

"Yenye vichwa nyeupe?"

Nikasema ndiyo.

"Na mulipita nayo wapi?"

Yaya, nikakaa chini. Juu ile siku tulikuwa tunangoja kuzika, mvua ilipiga sana, unakumbuka, mpaka baba mudogo akasema mafungu isilowane. Yaliingizwa mu nyumba. Yalilala mu chumba ya mama, fasi ya kitanda yake, juu kitanda ilikuwa imeondolewa. Asubui wanaume waliyabeba kupitia mulango ya nyuma, jikoni, katikati ya mihogo, mpaka juu. Njia ni ile ile. Pamba ilianguka njia yote. Hata ndani, siye wenyewe tulifagia, tukamwaga udongo mupya juu, tukapiga.

"Basi si koko," Suzanne akasema. "Munamusingizia muzee wa watu bure. Ni majani ya kuezeka, inatafuta jua. Ukiichoma, inashukuru. Ukiikata, inazaa."

Ile usiku nililala, yaya. Ni siku mingi sijalala vile. Lakini weye sikufichi kitu. Kama pamba ilianguka njia yote siku moja, mbona ilitembea, hatua kwa hatua, toka kule kuja huku? Suzanne anasema ni muzizi inatembea chini. Sawa. Na mbona ilingoja mpaka mutoto alale pale? Hapo Suzanne anasema niache kujiuliza kama mupolisi. Na majani inapokauka inasuguana jioni, nasikia swaa, swaa, nyuma ya nyumba. Anasema majani yote makavu inasema vile. Labda. Miye ile sauti nililala nayo tangu utoto, siwezi kuikosea.

Lakini dawa yake iko, na hii njo furaha nilitaka kukuletea. Suzanne amenifundisha na nimefanya. Hauchomi. Haukati. Kama imekuwa ndefu, unaviringisha pipa tupu juu yake, unailaza, inavunjika kiuno bila kukatika, na jua haiingii chini. Kisha fasi kidogo kidogo unachimba na jembe ya meno, unapapasa na vidole, unafuata muzizi mpaka mwisho bila kuuvunja. Ukiuvunja, kile kipande cha kubaki, hata kidogo kama ukucha, kitarudi. Unaweka yote mu kitunga, unaianika juu ya bati mpaka inalia ukiishika, kisha unaipeleka mu moto ya kupikia. Haubakishi kitu mu shamba. Na palepale, siku ile ile, unapanda maboga. Maboga na maharagi ya kutambaa, karibu karibu. Majani hii inaweza moto, inaweza jembe, kivuli haiwezi.

Fasi ya jikoni nimesafisha, yaya! Nilimwagia maboga yangu maji ya kuoshea vyombo, na jani yake sasa ni kubwa kama sahani. Asubui nainua jani naangalia chini. Ile majani yenye ilibaki imekuwa na rangi ya maziwa, imelala, haina nguvu. Joséphine naye ananisaidia. Ana mikono ya ajabu kwa hii kazi. Miye navuta, inakatika. Yeye anavuta, inakuja yote. Suzanne anasema ni juu hana haraka. Namuangalia anavyofanya, kichwa chini, midomo imebanwa, kidole kile kimepinda, na naona mutu mwingine.

Shida moja tu. Ninasafisha huku chini, na toka juu inashuka mupya. Suzanne amesimama pale ku mupaka ya kaburi, hakuingia, ana heshima, akasema: "Tumbo yake iko hapa. Kama hautoi tumbo, utazeeka unachimba."

Njo sababu nakuandikia. Nakuomba ruhusa, yaya, uniache niguse kaburi ya mama.

Sitaleta chuma. Nitapiga magoti, nitatumia vidole tu. Nitatoa muzizi moja moja, na kila udongo nitairudisha fasi yake. Sitafika chini, muzizi haifiki kule, inatembea juu juu tu. Kisha nitapanda boga, mama alipenda mboga ya boga kushinda nyama, na atakuwa na kivuli, na kila mwaka jani mupya juu yake. Nafikiri ni shuka nzuri kushinda ile tulimupa.

Nilimuomba baba mudogo. Hakunigombeza. Akaniangalia tu, akasema: "Hapa nasikia mudomo mbili tu. Ya Hortense, ao ya mwenye kaburi." Basi andika, hata mustari moja, na jina yako chini. Nitamupa asome mwenyewe. Lakini fanya mbio. Tangu jana mawingu iko imekaa juu ya milima, na hewa inanuka maji. Ule bwana wa ng'ombe amepita mara mbili ku njia, anaangalia, anasalimia sana.

Nina tumaini, yaya. Nikiinua ile jani ya boga naona kama mwaka huu tutakula. Naona Joséphine anaenda masomo na tumbo imejaa. Sisemi ni kubwa, lakini naiona.

Nisalimie sana shemeji Adrien, na Léon, na kale kadogo sijakajua bado, umubusu ku shavu. Nisalimie mama Lucienne kama mungali munasali kanisa moja. Katsuva anakusalimia, na Suzanne anasema, hata hamujuani vizuri, anakutumia samaki mbili kwa Hippolyte, usiziache zote kwa bwana. Mungu wa mama yetu alale ku mulango yako na ku mulango yetu, watoto waamke wote, na hii mvua inayokuja ikutane na siye tukiwa hapa.

Wako akupendaye, mudogo yako,
Mbambu

Yaya, sijafunga bahasha. Nilitaka kukunja karatasi nikaona ule muzizi Joséphine aliniwekea hauko tena. Na yeye mwenyewe hayuko mu chumba. Nimesimama ku mulango ya nyuma, naandika juu ya ukuta, usicheke mwandiko.

Mutoto iko kule juu. Amekaa katikati ya kaburi, naona kichwa tu, majani inamushinda urefu. Anavuta. Muzizi unatoka, mrefu, haukatiki, anaulaza pembeni yake, taratibu, kisha anashika mwingine. Baba mudogo Kule iko pale. Sijui alifika saa gani. Nilifikiri atamunyanyua, atamupiga. Hamugusi. Amevua kofia.

Sasa hivi amemuita. Si sauti ya kuitia mutoto, yaya, ni ile ya kuingia mu nyumba ya mutu. "Joséphine," akasema. Mutoto hakuinua kichwa. Mikono iliendelea. Nimesikia na mashikio yangu, na Suzanne ku lupango amesikia:

"Kuya tu."

Baba mudogo anapiga magoti. Anaingiza vidole mu udongo. Analia, na tone ya kwanza ya mvua imeanguka ku hii karatasi, ni hapa. Ananiita: "Mbambu! Leta kitunga! Jembe uiache, leta kitunga!"

Naenda. Lakini jibu yako uniletee vile vile, yaya, usiseme imekwisha, juu nataka nisikie na kwa mudomo yako kama mama ametupa ruhusa.